Mlinzi wa chemchemi: tulivyoigiza Mwelfi Bariadi



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu wa falsafa tulipelekwa kwenye uchungaji katika parokia moja mjini Bariadi. Kazi zilikuwa zile anazozijua kila aliyepita seminarini: kuongoza ibada vigangoni siku ambazo padre hawezi kufika, kutembelea wagonjwa tukiwa na katekista, kubeba spika za kwaya, na jioni kukaa na vijana. Tunaandika juu ya jioni hizo. Tuliporudi na kusimulia tulichokuwa tukifanya, kaka yetu mmoja wa teolojia alituuliza mbele ya meza nzima: "Yaani mafrateri wazima mnajigeuza majini ya Wazungu?" Watu walicheka, nasi tukacheka. Lakini swali lilibaki. Tumeona tulijibu hapa, maana wengi wenu mtapelekwa kwa vijana kama wale na huenda mkakutana na mchezo kama ule.

Mchezo wenyewe hauna gharama. Uliletwa na kijana anayesoma chuo Dar es Salaam, aliyerudi nyumbani kusaidia kuvuna pamba. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Wengine kila mmoja anachukua mhusika, anampa jina, umri, kabila, kile anachokipenda na kile anachokiogopa, na kuyaandika hayo kwenye karatasi. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, kisha anauliza: wewe unafanya nini? Unajibu ukiwa yule mhusika, kwa sauti yake na kwa akili yake. Pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au kule, dadu inarushwa. Sisi tulitumia dadu mbili za ludo ya mtoto wa katekista na daftari moja la shule. Dunia ya hadithi ni ya kubuni tu, yenye milima na falme ambazo hazipo, na mataifa ya viumbe wanaofanana na watu.

Mojawapo ya mataifa hayo ni Waelfi. Hao ni watu warefu wa msituni, wanaishi miaka mingi kupita kiasi, na wanatunza nyimbo, lugha na sheria ambazo wengine wamekwisha kuzisahau. (Kijana mmoja aliposikia jina hilo aliuliza kama wanaitwa hivyo kwa sababu wanaishi miaka elfu. Msimulizi alifikiri kidogo, akasema ndiyo. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya mchezo wetu.)

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Itilima, alipangiwa kuwa Mwelfi: mzee wa miaka mia nne, mlinzi wa chemchemi ya msitu na wa sheria zake. Hakujua Mwelfi anaongeaje, wala hakuwahi kuona filamu zao. Alikaa kimya kidogo, akajitupia shuka begani, akaanza kuongea kama babu yake.

Kwanza alisalimia. "Mwadila," kisha habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za watoto, za waliobaki nyuma, na kila jibu likifuatwa na "mhola" ya taratibu kana kwamba jua halitazama. Vijana walicheka hadi wakashika mbavu. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mzee yule alikuwa kweli. Ukimkatiza alinyamaza na kukutazama tu. Ukimwuliza jambo kwa haraka alikujibu na hadithi ya mtu mwingine aliyewahi kuuliza kwa haraka. Kila mmoja pale alikuwa na mzee wa namna hiyo nyumbani kwao, Dutwa au Maswa au Meatu, na kila mmoja alimtambua.

Sasa kuhusu majini. Tuanze na Mtakatifu Thoma, kwa sababu kaka yetu wa teolojia hatatusikiliza tusipoanza naye. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, Thoma anauliza kama kuna fadhila inayohusu michezo, na anajibu kwamba ipo. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake, naye akamwambia mmoja wao mwenye upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo siku zote. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Roho nayo huvunjika ikivutwa bila kulegezwa. Mbele kidogo Thoma anasema kazi ya waigizaji si dhambi kwa yenyewe, mradi hawatumii maneno au matendo maovu na hawaigizi kwa wakati usiofaa. Anakwenda mbali zaidi: mtu asiyejua kabisa kucheza, anayewanunia na wenzake wanaocheza, naye ana kasoro. Tunamwachia msomaji kumtafuta mtu huyo bwenini kwake.

Lakini hatutaki kumjibu kaka yetu kirahisi, maana woga wake una kiini cha kweli ambacho wenye mchezo huo huko Ulaya na Marekani hawana haja ya kukiwaza. Kwao mchawi yuko kwenye rafu ya vitabu vya watoto, na mtoto anaweza kuvaa kofia yake siku ya sherehe bila mtu kudhurika. Simiyu si hivyo. Katika mikoa yetu ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo ni mekundu kwa sababu ya moshi. Nchi yetu haina miti mingi, bibi amepika miaka hamsini kwa mabua ya pamba na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha, na malipo yake ni kushukiwa. Hapo neno "mchawi" haliwezi kuwa la kuchezea. Jioni ya pili msimulizi alipotaka kumleta mchawi wa kike pangoni, mama mlezi wa vijana, aliyekuwa akisuka ukili pembeni na ambaye tulidhani hasikilizi, alisema bila kuinua kichwa: "Huyo msimlete." Hakuletwa. Mchezo haukupungukiwa na kitu. Tunadhani hiyo ndiyo busara iliyofaa pale, ya kujua kipi katika hadithi ya mgeni hakiwezi kuvuka mpaka bila kumwumiza mtu, na kwa kufanya hivyo mchezo wote uliobaki ulikuwa salama kuuendeleza.

Turudi kwenye chemchemi. Msimulizi alileta watu wa nchi kavu. Walifika usiku, na watoto, na ndoo tupu, wakaomba maji. Sheria ya msitu ilisema maji ya chemchemi hayanywi asiye wa ukoo. Binti mmoja wa kwaya aliigiza mama wa wale wageni. Mlinzi wetu aliwakaribisha vizuri sana, akawapa mahali pa kukaa, akawasalimia kwa urefu, akawanyima maji. Jioni mbili nzima walibishana. Mwenzetu alikuwa na hoja nzuri, na tukiri kwamba tulifurahia kuona zile saa za mantiki darasani zikizaa matunda. Alisema chemchemi hudumu kwa sababu ya sheria. Alisema kila aliyevunja sheria aliahidi kwamba ni mara moja tu. Alisema wageni huondoka, na wenye msitu hubaki. Hayo si maneno ya kipumbavu. Mtu yeyote aliyeona lambo likichafuliwa na mifugo ya wapita njia anajua kwamba si ya kipumbavu.

Kisha yule binti akauliza, kwa sauti ya chini na kwa adabu zote: "Babu, hii sheria inalinda maji, au inawalinda ninyi?"

Mwenzetu alifungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema: "Ndivyo tulivyoikuta." Msimulizi aliokota dadu, akaona hakuna anayezitaka, akaziweka chini.

Wakati wa kurudi, njiani, binti yule alitueleza kwa nini aliuliza vile. Baba yake alipofariki, mama yake alikuwa amelima lile shamba la pamba na mahindi kwa zaidi ya miaka 20. Ndugu wa marehemu walikaa kikao. Hawakuwa watu wabaya, alisema, mmoja wao alimlipia ada. Walisema tu kwamba shamba ni la ukoo, na mama alipouliza sababu, alijibiwa kwa sentensi ileile ambayo frateri wetu alikuwa ametoka kuitoa akiwa ndani ya mchezo. Hatukumwuliza zaidi na hatutaandika zaidi. Ila mwenzetu hakula usiku ule.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi, kwa sababu tuna desturi ya kusema "mila" kana kwamba ni kitu kimoja kilichoshuka kutoka juu kikiwa kimefungwa. Tuchukue mfano wa utemi. Zamani za kale Usukuma, utemi haukurithiwa na mtoto wa mtemi. Ulikwenda kwa mtoto wa dada yake. Wakati wa ukoloni utaratibu huo uligeuka, ukaelekea kwa mtoto wa kiume wa mtemi mwenyewe, na leo ukimwuliza kijana atakuambia kwamba toka lini na toka lini mtoto humrithi baba. Mwaka 1953 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Ilikuwa kazi kubwa, na wanaosoma historia yetu wanamshukuru. Lakini desturi ikishaandikwa namna hiyo inapoteza kitu ilichokuwa nacho ilipokuwa mdomoni mwa wazee: wazee waliweza kusema, kwa huyu tufanye tofauti. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitoa Tamko la Sheria za Mila, na humo kanuni za urithi zikawekwa kwa namba. Mjane, kwa kanuni hizo, hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Wajane wawili kutoka Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kufungua mlango wa kesi zisizo na mwisho juu ya mila. Walipeleka malalamiko yao hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona kwamba haki zao zilikiukwa. Angalieni kilichotokea kwenye mila katikati ya safari hiyo. Kile ambacho babu angeweza kukigeuza chini ya mti kwa ajili ya mkwe wake aliyemjua kwa jina, jaji mwenye sheria zote mkononi aliogopa kukigusa. Ndivyo tulivyoikuta.

Mtu aliyewatunga Waelfi kama wanavyojulikana leo alilifahamu tatizo hili. J. R. R. Tolkien alikuwa Mkatoliki, na kwa namna fulani ni jirani yetu, maana alizaliwa mwaka 1892 Bloemfontein, Afrika Kusini. Mama yake aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900 na ndugu zake wakamtenga, wakamnyima msaada. Alipofariki mwaka 1904 aliwaacha wanawe wawili mikononi mwa padre mmoja wa Birmingham, Francis Morgan, aliyewalea. Kwa hiyo Tolkien alijua tangu utotoni jinsi ukoo unavyoweza kumfungia mjane mlango kwa jina la mambo matakatifu. Katika The Lord of the Rings, Waelfi wake ni wazuri mno. Wanakumbuka yote. Wana pete tatu zenye nguvu ya kuzuia vitu visichakae, na popote pete hizo zilipo, wakati kama haupiti. Wasomaji wengi huona hilo ndilo jambo la kutamanika. Tolkien mwenyewe, katika barua zake, aliliona kuwa kosa lao. Alisema walitaka kukaa katika dunia hii inayobadilika huku wakikataa ibadilike, na akawafananisha na watu wanaotia maiti dawa ili isioze.

Mfano huo ni mkali, na tuliubishania sana. Mmoja wetu alisema Tolkien anawaonea, kwani bila wao nani angekumbuka? Ni kweli. Lakini maiti iliyotiwa dawa haizai. Neno letu la Kanisa, traditio, latoka katika kitenzi tradere, kutoa kitu na kukitia mkononi mwa mwingine. Katika Kilatini cha Injili ni kitenzi hichohicho kinachotumika Yuda anapomtoa Bwana. Mwenye kurithisha na mwenye kusaliti wanafanya tendo linalofanana kwa nje: wote wawili wanakiachia kitu kiende. Ndiyo maana mlinzi huogopa, na tunamwelewa. Anahofia kwamba akifungua mkono atakuwa Yuda. Ila asipoufungua hajarithisha chochote, na Dei Verbum namba 8 inatuambia waziwazi kwamba Mapokeo yaliyotoka kwa Mitume yanasonga mbele katika Kanisa. Mtakatifu Vinsenti wa Lerins, katika karne ya 5, alilifananisha jambo hilo na mwili wa mtoto unaokua: viungo ni vilevile, na mtu ni yuleyule, lakini hakuna anayemfunga mtu mzima nepi ili kuthibitisha kwamba ni yeye.

Kuna waliolifanya jambo hili karibu na sisi, na huwa tunawapita kwenye barabara ya Musoma kwenda Mwanza bila kusimama. Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza, katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alikaa na wazee akaanza kuuliza na kukusanya. Kanisa la pale lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi, na altare yake ina umbo la kiti cha enzi chake. Makumbusho ya Wasukuma yako hapohapo. Na kuna Bulabo.

Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Jina linatokana na maua yanayomwagwa njiani katika maandamano ya Ekaristi Takatifu, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, mwezi wa sita. Baada ya Misa na maandamano, uwanja ni wa ngoma, na hapo ndipo Wagika na Wagalu wanapokutana. Vyama hivyo viwili vinajulikana hadi kwetu Simiyu. Asili yake ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani mwenye dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Desturi ikawa pande mbili zicheze kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamemkimbilia. Wapo wanaocheza na chatu, wapo wa nungunungu, wapo wa bugobogobo wenye majembe. Mtu akicheza bugobogobo leo anaigiza. Jembe analolirusha juu na kulidaka halilimi chochote, kwa sababu ngoma ile ilikuwa ya kundi la vijana wakilima shamba la mtu, na shamba hilo leo linalimwa kwa plau au trekta. Je, kwa hiyo ni uongo? Tuliwahi kumwona kijana wa miaka 15 akicheza, na kijasho chake kilikuwa cha kweli, na bibi zake waliokuwa wakipiga vigelegele hawakuwa wakipigia uongo.

Sasa Bulabo yenyewe ina umri gani? Ni changa kuliko babu zetu wengi. Ilianza wakiwa tayari wanachunga. Imechukua ushindani wa ngoma, ikauweka mbele ya Ekaristi, ikaacha vita vya dawa, na watu wameipokea kiasi kwamba leo wanaiita mila bila kusitasita. Mwezi wa 9 mwaka 2021 ilikuwa ni huko Kisesa ambako machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Wengine mitandaoni walidhihaki, wakisema uchifu ulifutwa kisheria tangu mwaka 1963 na kwamba yote yale ni maigizo. Sisi tunasema ndiyo, kwa sehemu ni maigizo, na hatuoni hilo kuwa tusi. Swali letu lingekuwa lilelile la binti wa kwaya: vazi hili linalinda nini? Chifu wa leo hana mahakama wala kodi. Kama anapatanisha ndugu wanaogombea mipaka na akamsikiliza mjane, basi amevaa kitu hai. Kama anangoja tu kupewa kiti cha mbele, tumeshaona viti vya namna hiyo, na hata makanisani vipo.

Tusijitoe katika hili. Seminarini sisi wenyewe ni Waelfi wazuri sana. Tunapewa kanzu, na siku ya kwanza tukiivaa tunatembea taratibu kama watu wa miaka mia nne. Baada ya miezi michache ya Kilatini tunakwenda kigangoni na kumrekebisha bibi aliyepiga magoti mahali ambapo, kwa kitabu tulichosoma juzi, alipaswa kusimama. Katika likizo hii mmoja wetu alifanya hivyo hasa, na bibi akasimama, akatii, akasema "asante frateri." Kisha katekista alitueleza kwamba bibi yule ndiye aliyeongoza rozari katika kigango kile miaka yote ambayo hakukuwa na padre wa kufika huko, wala barabara. Tulikuwa tumemfundisha mlinzi jinsi ya kulinda.

Methali inasema mwacha mila ni mtumwa. Hatuipingi. Ila mchezo ule ulituonyesha kwamba hata anayeshika mila asiyoweza kuitolea sababu anafanana na mtumwa, kwa sababu anatii sauti asiyojua ni ya nani. Darasani tungeweza kulisema hili kwa saa nzima na kupata alama. Tofauti ya mchezo ni kwamba ulimlazimisha mwenzetu kulisema kutoka ndani, kwa sauti ya babu yake, mbele ya mtu aliyekuwa na kiu. Aristotle alisema binadamu hujifunza mambo yake ya kwanza kwa kuiga. Tunafikiri kuna mambo ambayo hata mtu wa miaka 25 hajifunzi kwa njia nyingine. Kwa hiyo jibu letu kwa kaka yetu ni hili: chezeni. Chezeni na vijana, mkiwa na mama mlezi pembeni ambaye anajua nini kisiletwe. Mchukueni mhusika anayelinda, si yule shujaa mwenye upanga tu, na mruhusu aulizwe hadi mwisho.

Jioni ya mwisho mlinzi aliomba usiku mmoja wa hadithi ili azipitie nyimbo za kale. Msimulizi akamkubalia. Aliporudi alisema ameupata wimbo mkongwe kuliko wote, na wimbo huo unasimulia jinsi watu wa msitu walivyofika kwenye chemchemi: usiku, na watoto, na ndoo tupu. Baadaye alituambia hakuubuni peke yake. Alimkumbuka babu yake akisimulia kwamba ukoo wao ulitoka mbali, na kweli koo nyingi za watemi wa Usukuma husimulia kwamba wazee wao walitoka magharibi, upande wa pili wa ziwa. Binti wa kwaya alitabasamu kwa mara ya kwanza. Vijana wakapiga makofi.

Lakini msimulizi alikuwa kijana makini, akasema mlinzi si mtu pekee msituni, kuna baraza, na baraza lazima lirushiwe dadu. Ikirushwa chini ya nne, wazee wanakataa. Mwenzetu akarusha. Ikatoka moja na moja.

Wazee walikataa. Wakamvua mlinzi shuka lake, wakamtoa nje ya lango pamoja na wageni, usiku uleule. Tulimwomba msimulizi arudie dadu, akakataa. Binti akamgeukia yule mzee wa miaka mia nne, akamwuliza: "Babu, sasa unaijua chemchemi nyingine?" Mwenzetu alikuwa bado anafikiri umeme ulipokatika, na kesho yake asubuhi tulipanda basi la Lamadi. Karatasi za wahusika na dadu viko kwa katekista, tukirudi mwezi wa 12 tutaendelea.